Nge, ngali na ngeli: historia ya masharti ya kitenzi kutoka Mombasa hadi Eldoret

Kitenzi cha Kiswahili huingia katika hali ya masharti kwa viambishi vitatu: -nge-, -ngali- na -ngeli-. Kimojawapo hukaa baada ya kiambishi cha nafsi au cha ngeli, kisha mzizi hufuata: ningelima, ungelima, angelima, tungelima, mngelima, wangelima, mvua ingenyesha, mahindi yangeiva, lori lingefika. Hakuna kitenzi kinachokaidi mpangilio huo. Vile vifupi, kama kula, kuja na kuwa, hubaki na ku- yao, ndiyo maana husemwa ningekula, wangekuja, ingekuwa. Hali hii pia haikubali kirejeshi kuingizwa ndani ya kitenzi, hivyo msemaji hulazimika kuita amba- msaada: shamba ambalo wangelima.

Jambo la pili la kutambua ni kwamba sharti na tokeo huvaa kiambishi kilekile. Mkulima wa Uasin Gishu, eneo la Eldoret magharibi mwa Kenya, husema "Wangepanda mapema wangevuna vizuri", na -nge- inasikika mara mbili. Kurudia huko ndiko kunakozifunga sehemu mbili za sentensi. Neno la kuunganisha si lazima, ingawa kama, lau na laiti hutumiwa kutia mkazo au majuto.

Historia ya viambishi hivi ilianza pwani, kabla ya vitabu vya sarufi. Chanzo chake kinaonekana katika kiambishi cha zamani -nga-, ambacho leo hakizalishi vitenzi vipya katika Kiswahili sanifu lakini kimeacha alama zake. Neno ingawa ni i-nga-wa, kitenzi kizima kilichoganda kikawa kiunganishi. Hata ku- ya kuwa haimo. Neno angali, kama katika "angali mgonjwa", ni a-nga-li, ambapo -li ni kile kitenzi kikongwe cha kuwa kinachosikika pia katika aliye na walio. Wanaisimu kwa kawaida huichambua -ngali- ya masharti kwa njia hiyohiyo: -nga- iliyoungana na -li. Kwa hiyo sharti la jambo lililokwisha kupita lilitengenezwa kwa kubandika kipande cha "kuwa" kwenye kipande cha "hata kama". Wasemaji wa bara, ambao badala ya angali husema bado, wamepoteza dalili hiyo, na kwao -ngali- imebaki kiambishi cha kukaririwa tu.

Ushairi wa pwani na methali ndivyo vilivyoihifadhi -ngali- vizuri zaidi. Methali ya majuto, ile ya kwamba ningalijua huja nyuma, inasemwa kwa sura kadhaa: ningalijua, ningelijua, na pengine ngalijua, yaani nafsi ya kwanza iliyofupishwa. Sura hizo tatu hazibishani. Zinaonyesha lugha ya mdomo ikiwa na uhuru ambao baadaye vitabu viliupunguza.

Kazi ya kuviandika viambishi ilianza na wamisionari. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na sarufi yake ya Kiswahili ikachapishwa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kikatoka mwaka 1870. Krapf alisikiliza Kimvita. Steere alisikiliza Kiunguja. Wote wawili walikuwa wamesomeshwa Kilatini na Kigiriki tangu ujana wao, na mtu aliyefunzwa hivyo akikutana na viambishi viwili vinavyofanana huvitafutia nyakati mbili. Ndivyo mapokeo ya sarufi yalivyoiweka -nge- upande wa wakati uliopo na -ngali- upande wa wakati uliopita. Mgawanyo huo haukuwa wa kubuni, maana wasemaji wengi wa pwani huusikia. Kosa lilikuwa kuugeuza mwelekeo wa usemi kuwa mpaka wa sheria.

Kihispania kiliwekwa katika sarufi karne kadhaa mapema, nacho kinafaa kulinganishwa kwa sababu masharti yake yanafanana na ya Kiswahili kuliko mtu anavyotazamia. Antonio de Nebrija alichapisha sarufi ya Kikastilia mwaka 1492, na aliona kwamba umbo kama amaría ni kitenzi-jina amar kilichobandikwa kipande cha wakati uliopita cha haber, kitenzi cha "kuwa na". Vitenzi vya kawaida vya Kihispania viko katika makundi matatu, vinavyoishia -ar, -er na -ir, na katika nyakati nyingi kila kundi lina viishio vyake. Katika masharti tofauti hizo hufutika. Kitenzi kizima huachwa kama kilivyo, kisha viishio vilevile huongezwa kwa makundi yote: hablaría, "ningesema", comería, "ningekula", viviría, "ningeishi". Viishio ni -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían, na mkazo hukaa kwenye í kila mara. Vinavyokaidi havizidi kumi na viwili hivi, kama tendría kutoka tener na haría kutoka hacer, na hata hivyo hukaidi kwenye shina tu. Viishio havibadiliki kamwe. Hali hii, kama ilivyo -ngali-, imeficha ndani yake kipande cha kitenzi kingine.

Hata jina la kuiita hali hiyo liliwasumbua wanasarufi wa Kihispania. Andrés Bello, mzaliwa wa Venezuela aliyeandika sarufi yake nchini Chile mwaka 1847, aliihesabu kuwa wakati unaofuata wakati uliopita. Akademia ya Kihispania, katika sarufi yake ya 1917, iliifanya dhamira (yaani namna ya kitenzi) ya peke yake, kisha mwaka 1973 ikairudisha miongoni mwa nyakati za kawaida. Hamsini na sita ni miaka mingi ya kubadili mawazo.

Tukirudi kwa Kiswahili, njia ya -nge- kwenda nyanda za juu za magharibi mwa Kenya ilikuwa njia ya misafara, reli na mashamba. Wanandi walikuwa wamewazuia Waingereza kwa zaidi ya mwongo mmoja, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, msafara mkubwa wa Makaburu chini ya Jansen van Rensburg ulipanda kutoka Nakuru hadi uwanda wa Uasin Gishu. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, na wenyeji wakaupa mji jina la Sisibo kutokana na namba hiyo. Jina rasmi la Eldoret lilikuja mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924.

Katika mji huo mdogo masharti yalisemwa kwa njia nne. Kikaburu huyasema kwa neno la pekee, sou, na kitenzi hakiguswi. Kiingereza hufanya vivyo hivyo kwa neno lake. Kinandi kilikuwa na mfumo mwingine kabisa wa kitenzi, ambao A. C. Hollis aliueleza katika kitabu chake juu ya Wanandi na lugha yao kilichochapishwa Oxford mwaka 1909. Lugha za Kikalenjin hupanga wakati uliopita kwa daraja tatu: ka- kwa jambo la leo, ko- kwa la jana au siku chache zilizopita, ki- kwa la zamani. Msemaji wa lugha hiyo ana sikio kali la kupima umbali wa jambo lililopita, pengine kuliko Mswahili wa Mombasa. Kwake, tofauti kati ya "bado linawezekana" na "limeshapita" haikuwa ngeni hata kidogo.

Kiswahili alichokisikia mashambani, hata hivyo, hakikuwa na nafasi ya tofauti hizo. Kilikuwa Kisetla, lugha ya kutoa amri na kupokea amri, iliyokatwa viambishi vingi vya nafsi na kubakiza nyakati chache. Masharti yalipohitajika, kama ilichukua mzigo wote: "Kama wewe nakuja jana, mimi napa wewe kazi." Sentensi hiyo ya mfano inaeleweka, lakini haisemi kama kazi ingalipo au imeshapewa mwingine. Kwa mwenye shamba hilo halikuwa na uzito. Kwa aliyekuwa akitafuta kazi lilikuwa ndilo jambo lenyewe. Miaka ya 1930 kulikuwa hata na vitabu vya kuwafunza walowezi Kiswahili kilichorahisishwa cha bara, na urahisi huo ulikuwa wa mwalimu na mwanafunzi wake, si wa mtu aliyekuwa akisemeshwa.

Wakati Kisetla kikitawala mashambani, Kiswahili kingine kilikuwa kikipangwa mezani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Vitabu vya shule vilipaswa kupitia mikononi mwake. Mwaka 1944 ikatoka sarufi ya E. O. Ashton, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyosomwa na kila aliyetaka kukijua Kiswahili kwa undani. Kwa njia hiyo -nge- na -ngali- zilipata makao ya kudumu katika jedwali. Ndugu yao -ngeli-, inayoonekana kuwa mchanganyiko wa hizo mbili, ilibaki pembeni, ikitajwa kama sura nyingine ya -ngali-.

Kiambishi hiki cha tatu kina kasoro ambayo vitabu huipita kimya. Sentensi "Angelilima shamba" inaweza kugawanywa mara mbili. Ukiisoma a-ngeli-lima, ni sharti lililopita, na shamba halina kiambishi ndani ya kitenzi. Ukiisoma a-nge-li-lima, ni -nge- ya kawaida, na -li- inasimamia shamba. Maandishi hayasaidii kuamua. Tatizo hilo hutokea kila mtendwa anapokuwa wa ngeli ya LI-YA: shamba, gari, jembe, soko. Huenda hii ni mojawapo ya sababu za kuipendelea -ngali- katika maandishi, ambako angalilima na angelilima haziwezi kuchanganyika.

Katika shule za Kenya Kiswahili kilipanda na kushuka. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikisukuma kando kwa faida ya Kiingereza. Baada ya uhuru, tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza kifundishwe katika shule za msingi, na ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikataka kiwe cha lazima na kitahiniwe. Kilichobadilisha mambo kwa vitendo ni tume ya Mackay ya mwaka 1981, ambayo ilizaa mambo mawili yaliyoigusa Eldoret moja kwa moja. La kwanza ni Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 huko Kesses, nje ya mji. La pili ni mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985, uliofanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Tangu hapo mtoto wa Turbo, wa Moiben au wa Langas hakuweza kumaliza shule bila kukutana na -nge-.

Alikutana nayo hasa kwa njia ya swali la kukanusha. Sentensi kama "Mvua ingenyesha, mahindi yangemea" ilipaswa kugeuzwa kuwa "Mvua isingenyesha, mahindi yasingemea." Jibu ni sahihi, na alama hutolewa. Lakini tazama maana. Sentensi ya kwanza ni ya mwaka wa ukame: mvua haikuja na mahindi hayakuota. Ya pili ni ya mwaka wa neema: mvua ilikuja na mahindi yakaota. Mwanafunzi amekanusha maneno, na ukweli ulio nyuma ya maneno umepinduka. Hilo si kosa la swali. Ndiyo tabia ya masharti, na katika Kihispania nako ni vilevile. Lakini zoezi lililofundisha umbo bila kugusa maana liliacha darasani nusu ya somo, tena ile nusu tamu.

Kanuni ya pili iliyokaririwa ilikuwa ya kutochanganya: -nge- na -nge-, -ngali- na -ngali-, -ngeli- na -ngeli-. Pamoja nayo yalikuja maelezo kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado lawezekana na hizo nyingine ni za jambo lisilowezekana tena. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani ni kanuni nzuri, kwa sababu inasahihishwa haraka. Kwa maelezo ya lugha inayosemwa, ina mapungufu. Mzungumzaji akisema "Ningekuwa ndege ningeruka hadi Kapsabet", hakuna kinachowezekana hapo, na bado -nge- ndiyo inayofaa. Kuweka -ngali- kungegeuza ndoto kuwa hadithi ya jana.

Ukanushaji wenyewe una historia ya pande mbili. Kuna umbo linalotumia -si-, yaani nisingejua, usingejua, asingejua, na kuna umbo linalotanguliza kikanushi: singejua, hungejua, hangejua. Yote mawili ni ya zamani. Darasa la Kenya lililipendelea la kwanza. Barabarani Eldoret, katika stendi ya matatu au sokoni, la pili ndilo linalosikika zaidi: "Hangeniambia singejua." Kwa hiyo msemaji anayedhaniwa kuvunja kanuni mara nyingi ametumia umbo ambalo pwani inalitambua bila shida.

Badiliko kubwa zaidi limetokea kwa -ngali-. Katika mazungumzo ya Eldoret imekaribia kutoweka, ikibaki kwenye mtihani, hotuba na mahubiri. Hoja iliyokuwa ikibebwa nayo haikutoweka, ila imehamishiwa mahali pengine. Mtu aliyechelewa kuuza mahindi kabla ya bei kuanguka husema: "Ningekuwa nimejua, ningekuwa nimeuza." Hapo -nge- inashika sharti, na -me- inashika wakati: jambo lilipaswa liwe limekwisha. Vitenzi viwili vinafanya kazi ya kiambishi kimoja, na vinaifanya kwa uwazi zaidi, maana -nge- haibebeshwi tena tofauti ya wakati. Uwazi huo huenda ndio ulioipa umbo hili nguvu katika mji ambao wengi wa wakazi wake walitangulia kuzungumza lugha nyingine kabla ya Kiswahili.

Kihispania kilichagua njia hiyohiyo. Sharti la jambo lililopita huundwa kwa masharti ya haber na neno la tendo lililokamilika: habría vendido ni "ningekuwa nimeuza", kipande kwa kipande. Tofauti iko upande wa sharti lenyewe. Kihispania sanifu hakiruhusu masharti mara mbili. Baada ya si, yaani "kama", lazima ije dhamira nyingine: "Si tuviera dinero, compraría una vaca", ningekuwa na pesa ningenunua ng'ombe. Wasemaji wengi wa kaskazini mwa Hispania, katika nchi ya Wabaski, ukiwemo mji wa Bilbao, na mikoa jirani kama Navarra na Burgos, husema si tendría, wakiweka masharti pande zote mbili, na walimu wao huwasahihisha. Kosa la Bilbao ndiyo sheria ya Eldoret.

Yapo matumizi mawili ya masharti ya Kihispania ambayo msemaji wa Kiswahili kwa kawaida hayafikii kwa -nge-. La kwanza ni ahadi iliyosimuliwa. "Dijo que vendría" kwa Kiswahili ni "Alisema atakuja". Wakati ujao kwa kawaida hubaki vilevile hata masimulizi yakiwa ya jana. La pili ni kukisia jambo lililopita: "Serían las diez" ni "Huenda ilikuwa saa nne", na hapo neno huenda ndilo linalobeba shaka. Tofauti hizo si za kinadharia tu kwa Eldoret, kwa kuwa wakimbiaji wa nyanda hizi hushindana Hispania mara kwa mara.

Matumizi ya adabu, kwa upande mwingine, yanafanana mno. Mhispania husema me gustaría. Eldoret husema ningependa. Hakuna mkutano, mazishi wala harambee inayofunguliwa bila mtu kusema angependa kuchukua nafasi hii kuwashukuru waliohudhuria, kisha akawashukuru kweli, bila sharti lolote. Wazee wa pwani hutosheka na naomba au nawashukuru. Matumizi haya ya -nge- yameenea kwa uzito wa Kiingereza cha mikutano, na si vigumu kuona kwamba mara nyingi hayaongezi kitu. Penye ombi halisi, kama "Ningeomba maji", yana upole wake na yanafaa kubaki.

Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliofanya zoezi la kukanusha kuwa ada, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na Eldoret ikapewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Mtaala mpya unasema unapima uwezo wa kutumia lugha kuliko kukariri. Kama ndivyo, -ngali- iendelee kufundishwa, kwa kuwa bila hiyo mwanafunzi hawezi kusoma mashairi ya pwani wala kuelewa methali za wazee. Lakini "ningekuwa nimeuza" nayo ipewe ukurasa wake katika vitabu vya sarufi, kando ya -ngali-, na iondolewe katika orodha ya makosa.